Ajenda Iliyozoea Kukaa Chini ya "Mengineyo"

Wiki iliyopita nilikabidhi majalada ya kamati ya utofauti na ujumuishi ya chuo ninachofundisha, baada ya kuiongoza kwa miaka minne. Katika kuyapanga nililazimika kupitia mihtasari ya vikao vyote vya menejimenti ambavyo tuliwasilisha taarifa zetu, na nikaliona kwa macho jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nikilihisi tu: katika miaka miwili ya mwanzo, taarifa yetu haikuwahi kupangiwa namba yake katika orodha ya ajenda. Ilikaa daima chini ya "Mengineyo", mahali ambapo wajumbe wameshafunga makabrasha, mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili, na yeyote anayenyoosha mkono huonekana kama mtu anayewachelewesha wenzake kwenda kula.

Si kwamba waliokuwa mezani walikuwa na nia mbaya. Sikumbuki kikao hata kimoja ambacho mtu alisimama akasema kwamba chuo hakipaswi kuwa na nafasi kwa wanafunzi wenye ulemavu, kwa wanawake katika idara za uhandisi, au kwa vijana ambao ni wa kwanza katika familia zao kukanyaga chuo kikuu. Wote walikubali. Walikubali hata kabla sijamaliza kueleza, na nilichelewa sana kung'amua kwamba kukubaliwa upesi namna ile kulikuwa njia ya adabu ya kunisindikiza mlangoni. Jambo lenye gharama hujadiliwa. Watu hupingana, hudai takwimu, huahirisha, hurudi tena mwezi ujao wakiwa na hoja mpya. Jambo lisilogusa fedha wala mamlaka ya mtu hupitishwa kwa makofi.

Barua yangu ya uteuzi ilikuwa na aya tatu na hadidu za rejea sita. Vitenzi vyake navikumbuka hadi leo: kuhamasisha, kushauri, kuratibu, kuelimisha, kufuatilia, na kufanya majukumu mengine kadiri nitakavyoelekezwa. Hakukuwa na kuamua, kuidhinisha wala kuzuia, na hakukuwa na kasma; fedha zetu zingetoka katika fungu la matukio la ofisi ya uhusiano, ambalo ndilo pia lililolipia maua ya mahafali. Mwaka wa kwanza, basi, tulifanya kile ambacho kamati isiyo na kasma inaweza kukifanya. Tuliandaa semina mbili, tukachapisha mabango yenye nyuso za wanafunzi wanaotabasamu, tukaadhimisha siku moja ya kimataifa kwa hotuba na picha ya pamoja. (Mwanafunzi asiyeona ambaye picha yake ilikuwa kwenye bango mojawapo aliniuliza baadaye, kwa utani uliokuwa na mwiba ndani yake, bango lenyewe limeandikwaje, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsomea.)

Kilichonizindua kilikuwa ngazi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili anayetumia kiti mwendo alikuwa na somo la lazima ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, na kila Jumanne na Alhamisi wenzake wanne walimbeba kwanza yeye, kisha wawili kati yao wakateremka tena kufuata kiti. Kamati iliandika barua. Iliandika nne kwa jumla: kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa ofisi ya miliki na, hasira zilipopanda, kwa naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma. Majibu yote yalikuwa ya kiungwana. Yalitambua uzito wa suala, na moja lilitaja mpango wa kujenga lifti pindi fedha zitakapopatikana. Wiki ya saba ya muhula, nikiwa katika shughuli nyingine kabisa, nilipita katika chumba cha mratibu wa ratiba na kumsimulia kisa hicho kama mtu anavyosimulia mkosi. Akafungua kompyuta yake, akatafuta ukumbi wa chini, akakuta kwamba saa hizo umeshikwa na darasa dogo la watu kumi na tisa lililozoea kukaa humo, akapiga simu moja, akabadilisha. Haikufika robo saa. Kisha akanigeukia na kuniuliza: "Mwalimu, kwani jambo hili mlikuwa mnalizungumzia wapi muda wote huo?"

Tulikuwa tukilizungumzia kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa likiamuliwa. Tangu siku ile, kila lalamiko lilipofika mezani kwangu niliacha kuuliza ni nani atatuunga mkono, nikauliza ni nani anayeshika kalamu, na mara nyingi jibu halikuwa mtu mwenye cheo kikubwa. Alikuwa msajili msaidizi anayeunda fomu, karani anayepanga vyumba vya mitihani, ofisa ugavi anayeandika sifa za samani zitakazonunuliwa. Muhula uliofuata tuliomba kitu kidogo sana: fomu ya usajili iulize mahitaji ya mwanafunzi kabla ratiba haijaanza kupangwa, na mratibu wa ratiba aipate orodha hiyo kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama katika ibara yake ya 24 zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila kubaguliwa, na kwamba wanafanyiwa marekebisho yanayofaa ili hilo liwezekane. Haki iliyoandikwa hivyo haina maana kubwa iwapo mwenye nayo analazimika kuiomba upya kila muhula kwa kila mwalimu. Yule mwanafunzi aliniambia kwamba ngazi zenyewe alikwisha kuzizoea. Alichokiogopa ni siku ambayo wabebaji wake wangekuwa na mtihani na yeye hana.

Jambo la pili ambalo nililijifunza kwa kuchelewa ni kupima. Hapa nilisaidiwa na kisa cha Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani, ambacho nakipenda kwa sababu shujaa wake wa kwanza ni futi kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanabiolojia Nancy Hopkins, aliyekuwa akiomba nafasi zaidi ya maabara bila mafanikio, alichukua futi kamba akaanza kupima maabara za wenzake, na akakuta kwamba yeye, profesa mwandamizi, alikuwa na nafasi ndogo kuliko hata baadhi ya wanaume waliokuwa bado wadogo kwake kicheo. Mwaka 1994 alipokutana na wanawake wenzake wenye ajira ya kudumu katika idara sita za sayansi, walijikuta kumi na watano, mbele ya wanaume waliokaribia mia mbili. Walikwenda kwa mkuu wao wa kitivo, Robert Birgeneau, naye, badala ya kuwaahidi semina, aliunda kamati iliyofungua takwimu za mishahara, nafasi, fedha za utafiti na uteuzi. Matokeo yalipotangazwa hadharani mwaka 1999, rais wa chuo, Charles Vest, alikiri kwa maandishi kwamba hapo awali aliamini ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vya zama hizi ni mchanganyiko wa ukweli na hisia za watu, na kwamba sasa ameelewa sehemu kubwa zaidi ya mchanganyiko huo ni ukweli.

Nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama Birgeneau angewaambia walete ushahidi zaidi. Walikuwa wamefika na walichoweza kukikusanya kwa mikono yao. Vilivyobaki vilikuwa ndani ya makabati ambayo funguo zake alikuwa nazo yeye. Mara nyingi viongozi huwadai wanaolalamika uthibitisho ambao ni viongozi wenyewe wanaoweza kuutoa.

Sisi tulipoanza kudai takwimu, ofisi ya utumishi ilikaa na ombi letu kwa miezi kadhaa ikitaja usiri, na nakiri kwamba hoja yao haikuwa ya kubuni. Katika idara yenye mwanamke mmoja, wastani wa mshahara wa wanawake ni mshahara wa mtu anayejulikana jina. Tulikubaliana hatimaye kwamba hesabu zifanywe kwa kitivo kizima na kwa miaka mitatu kwa pamoja, na kwamba tupewe hatua nne badala ya moja: walioomba kazi, walioitwa kwenye usaili, waliopewa kazi, na waliopandishwa cheo baadaye. Hapo ndipo pazia lilipoinuka. Takwimu ya jumla ya chuo, ile inayopamba kurasa za mwanzo za taarifa ya mwaka, ilionesha hali ya kupendeza. Lakini ukifuata hatua moja baada ya nyingine unaona wapi hasa watu wanapotea. Katika kitivo kimoja wanawake walikuwa wakiomba na kuitwa kwa idadi nzuri, kisha wakaishia kwenye usaili. Katika kingine waliajiriwa vizuri, wakakwama katika uhadhiri mwandamizi kwa muda mrefu kuliko wanaume walioingia nao. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na semina ile ile ya uhamasishaji isingeliponya hata mojawapo.

Kwa kile kitivo cha kwanza tulipendekeza utaratibu mpya wa usaili: maswali yaandikwe kabla, kila msailiwa aulizwe yale yale, na kila mjumbe wa jopo aandike alama zake peke yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Sharti hili la mwisho lilileta ugomvi mkubwa kuliko yote, jambo lililonifundisha kwamba nguvu za jopo zilikuwa katika ile dakika moja ambapo mwenyekiti, akikunja miwani yake, husema kwa upole, "Nadhani sote tumemwona mtu wetu." Profesa mmoja mkongwe alilalamika kwamba tunashusha viwango. Nilimjibu kwamba kuandika alama kabla ya kusikia maoni ya mkubwa ndivyo tunavyowadai watahini wetu wa mitihani kila mwaka, na yeye mwenyewe aliwahi kuwafokea wawili waliosahihisha pamoja. Hakunipenda zaidi kwa jibu hilo, ila hakulirudia lalamiko.

Hofu ya viwango kushuka isidharauliwe, kwa sababu mara nyingine huficha swali la haki: tunamjumuisha nani hasa, na kwa sababu gani? Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanza mwaka 1990 kuwaongezea waombaji wanawake alama 1.5 katika udahili, idadi ya wanawake iliongezeka, lakini pia wakosoaji walionesha kwamba waliofaidika zaidi ni wasichana ambao tayari walikuwa wametoka katika shule bora. Brazil ilipita njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma sekondari katika shule za umma, na ndani ya nusu hiyo ikaangalia kipato na rangi. Sisemi kwamba moja ni sahihi na nyingine si sahihi. Ninachosema ni kwamba kiongozi asiyeweza kutaja kikwazo anachokiondoa kwa jina lake ataishia kuhesabu sura.

Na gharama ya kuhesabu sura kuna mtu anayeilipa. Hapa nina deni langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili, kila kamati ya chuo ilipotakiwa iwe na angalau mjumbe mmoja mwanamke, nilimpendekeza mhadhiri mmoja kijana, hodari wa kuzungumza, asiyekataa kazi. Nilimpendekeza tena, na tena. Siku moja alikuja ofisini kwangu akiwa na karatasi aliyoipiga mistari kwa rula, yenye majina ya kamati sita upande mmoja na saa za vikao upande wa pili, na chini kabisa alikuwa ameandika idadi ya makala alizochapisha tangu nianze kumpendekeza. Ilikuwa sifuri. Kanuni zetu za upandishaji vyeo zilihesabu makala. Hakupandisha sauti, alisema tu kwamba angependa kujua kama mimi ndiye niliyetumwa kumsaidia au kuna mwingine. Nilimwomba radhi, na nikamwondoa katika kamati nne siku hiyo hiyo, lakini miaka miwili yake sikuweza kumrudishia.

Jambo kama hilo limelalamikiwa hata katika mipango inayosifiwa. Nchini Uingereza, hati ya Athena SWAN iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kuendeleza wanawake katika sayansi ilikuwa ikienda kwa mwendo wa pole hadi mwaka 2011, pale ilipotangazwa kwamba shule za tiba zisizo na tuzo yake ya ngazi ya fedha (silver) zisitarajie kufikiriwa katika mafungu fulani makubwa ya utafiti. Ghafla maombi yakamiminika. Wakuu waliokuwa hawana nafasi wakaipata. Hiyo ni sifa kubwa ya sharti la fedha. Upande wa pili, kazi ya kujaza makaratasi mazito ya maombi iliwaangukia wanawake kwa wingi, wakiandika kurasa kwa kurasa kueleza jinsi walivyoelemewa. Sharti lile liliondolewa mwaka 2020, na mzigo wa makaratasi ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kwetu, baada ya mwaka mzima wa kubishana, kazi ya kamati ilianza kuhesabiwa: anayekaa katika zaidi ya kamati mbili anapunguziwa somo moja la kufundisha. Ni kidogo, lakini kimeandikwa katika kanuni.

Je, kiongozi wa shughuli hii atoke miongoni mwa wanaohusika? Naulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara fikra zangu hurudi Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Kilianzishwa mwaka 1864, na kwa miaka 124 hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Tarehe 6 Machi 1988 bodi ya wadhamini ilitangaza rais mpya, Elisabeth Zinser. Kati ya wagombea watatu wa mwisho, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusikia, na hakuijua lugha ya alama. Wanafunzi walifunga malango. Walikuwa na madai manne: rais awe kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mtu yeyote kwa kuandamana. Katika muda wa wiki moja Zinser alijiuzulu, mwenyekiti naye akaondoka, na I. King Jordan, aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka 21 kwa ajali ya pikipiki, akawa rais wa kwanza kiziwi.

Watu hukumbuka dai la kwanza. Mimi navutiwa na la tatu. Vijana wale walielewa kwamba rais anaweza kuteuliwa na kuzungukwa, kupongezwa na kukwamishwa, na kwamba bila wingi katika bodi ushindi wao ungekuwa wa picha. Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2006 Jordan alipokaribia kustaafu, bodi ilimteua Jane Fernandes, ambaye ni kiziwi, na maandamano yakalipuka upya hadi uteuzi ukafutwa mwezi Oktoba. Baadhi ya magazeti yalilielezea jambo hilo kuwa ni ugomvi wa nani ni kiziwi wa kutosha, kwa kuwa Fernandes alijifunza lugha ya alama ukubwani. Waandamanaji wengi walisema vingine: kwamba mchakato haukuwa wa haki na kwamba namna yake ya kuongoza waliijua. Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza limekuwa refu kuliko wanavyotaka. Ndiyo, atoke miongoni mwao inapowezekana, maana kuna mambo ambayo mimi niliyepanda ngazi kwa miguu yangu niliyaona wiki ya saba. Lakini asiachwe peke yake, na asitumiwe kama ngao ya kuwazuia wengine wasiulize maswali.

Miaka ya karibuni imeleta somo jingine, chungu zaidi. Chuo Kikuu cha Michigan kilizindua mpango mpana wa utofauti na ujumuishi mwaka 2016, kikawekeza fedha nyingi na watu wengi. Mwezi Machi 2025 kilitangaza kufunga ofisi zake za shughuli hiyo, baada ya serikali kuu ya Marekani kuanza kuvibana vyuo. Texas ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kwa sheria ofisi za aina hiyo katika vyuo vya umma kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu ofisi hizo, na zipo zilizostahili kukosolewa kwa kuzalisha mafunzo mengi na mabadiliko machache. Lakini nilipokuwa nikisoma habari hizo nilitazama jengo letu na kujiuliza ni nini kingebaki kama chumba changu kingefungwa kesho asubuhi. Mabango yangeondoka. Siku ya kimataifa ingesahauliwa baada ya mwaka mmoja. Fomu ya usajili ingeendelea kuuliza swali lake, kwa sababu mratibu wa ratiba amekwisha kulizoea na humlalamikia mtu asipolijaza. Jopo la usaili lingeendelea kuandika alama kabla ya kuzungumza, walau hadi mtu atakapojipa moyo wa kuibadili kanuni mbele ya Seneti ya chuo, hadharani, na sababu zake zikiandikwa katika muhtasari.

Makabidhiano yenyewe yalichukua alasiri moja. Mwenzangu anayeipokea kamati alikuwa amesoma majalada usiku kucha, nadhani, maana alifika na orodha ya maswali. Hakuuliza chochote kuhusu semina. Aliuliza kasma yetu ni namba ngapi (tunayo sasa, ndogo, tangu mwaka wa tatu), akauliza ajenda ya kikao kijacho imekaa wapi, nikamwonesha: namba nne, baada ya taarifa ya fedha. Kisha akauliza jina la yule mratibu wa ratiba na chumba chake kiko wapi. Nilimwandikia kwa kalamu ya risasi juu ya jalada la kwanza, pamoja na saa ambazo huwa hana watu mlangoni.